Bima ya Baba, Ukoo wa Mama

Wazo la kununua bima lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu baadaye ndugu wa mume wangu walimsifia kwamba alikuwa mwanaume wa kuona mbali, nami nikakaa kimya nikiyatafuna maneno yangu. Aliona mbali kwa kusukumwa. Nilimsukuma asubuhi, nilimsukuma akiwa anakula, na nikichoka nilipumzika kidogo nikaanza upya.

Muuza bima nilimkuta soko la samaki la Kashikishi, msichana wa mjini aliyevaa viatu vyeupe kwenye matope yale. Alisimama juu ya kreti la soda na kipaza sauti chake kinakoroma, akieleza kwamba mtu akilipa kidogo kidogo kwa simu, siku akifa kampuni itawapa fedha wale aliowaacha. Wanawake waliokuwa wanaanika chisense, vile visamaki vyetu vidogo vya ziwani, walicheka mpaka wakashika viuno. Mmoja akamwambia apeleke biashara yake makaburini, huko atapata wateja watulivu. Mimi sikucheka. Nilikuwa na watoto wadogo nyumbani na mume ambaye kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za umeme.

Mume wangu alikuwa mvuvi kabla ziwa halijatuchoka. Samaki walipopungua, na wakati wa mvua serikali ilipofunga uvuvi tukabaki na mihogo na majani yake, aliuza wavu akaenda kuomba kazi kwa mkandarasi aliyekuwa anavuta waya kutoka kwenye maporomoko ya mto. Mkoa huu una maji ya kuwasha taa za nchi nzima. Mito inashuka kwenye mawe huko juu, watu wenye kofia ngumu wanakuja kuipima, na waya nene zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini. Chini ya waya sisi tunapikia makaa. Sina kinyongo na umeme, maana nimekula mshahara wake, lakini mtu akiniambia tunaishi kwenye utajiri wa umeme nitamuuliza kwa nini mtoto wangu wa mwisho nilimzaa kwa mwanga wa simu.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Natoka ng'ambo, Kongo, si ufukweni bali ndani kabisa, na nilivuka mpaka nikikimbia bunduki. Nilipewa kiwanja Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, nikalima maharage. Huko ndiko aliponikuta. Alikuja na baiskeli kuuza samaki wakavu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wazambia wengine kwa sababu tangu ujana alivua na watu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Alinipunguzia bei, nikamwambia samaki wake wananuka, akanipunguzia tena. Nikahamia naye Nchelenge, kwenye nyumba aliyojenga nyuma ya nyumba ya mama yake.

Kilichonitia hofu kwanza si nguzo. Ni jirani yetu, mwanamke ambaye mumewe alizama ziwani. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, ndugu wa mume walikuja wakabeba godoro, wakabeba viti, wakabeba hata sufuria iliyokuwa motoni. Uji ulimwagwa uani kuku wakala. Nilitazama yote kutoka kwenye ua wangu. Lakini yeye hakulia sana. Alifunga mtoto mmoja mgongoni, akashika wengine mkono, akaenda Mwansabombwe kwa kaka zake, na kaka zake wakampa shamba na chumba. Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nilikuwa najiuliza, mimi je, ningeenda kwa nani?

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hakuna atakayeelewa kilio changu. Kwetu mtoto ni wa baba. Baba akifa, ndugu zake wanamchukua mtoto, hata kama hawampendi, hata kama watamlaza jikoni, ni wao. Huku ufukweni mtoto ni wa ukoo wa mama, wanaouita mukowa. Mwanaume wa huku analea watoto wake, anawabeba mabegani, anawanunulia pipi, lakini damu yake anaihesabu kwa watoto wa dada yake. Mtoto wa dada, mwipwa, ndiye anayerithi jina lake na mali yake. Watoto aliowazaa yeye wana wajomba zao, na hao ndio watakaowapokea. Desturi hizi mbili, kila moja ikikaa kwake, hakuna mtoto anayepotea. Mimi nilitoka kwenye ya kwanza nikaolewa kwenye ya pili. Kwa watu wangu watoto wangu walikuwa wa Zambia, kwa watu wa Zambia walikuwa wangu. Na mimi kaka zangu sijui walipo tangu siku ile tulipokimbia kila mtu na njia yake.

Basi nilimwambia mume wangu habari za bima akiwa ananyoa ndevu. Alisimamisha wembe shavuni.

"Unaninunulia sanduku ya maiti na niko natembea?"

"Sikununulii sanduku. Nanunua chakula ya batoto."

"Mutu akitaja kifo yake, anaiita," akasema. "Kila mutu wa huku anajua."

"Basi huko juu ya nguzo haujaiita? Unapanda kila siku, unaipigia mulango."

Alicheka, akajikata kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nitashinda. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, lakini safari moja alivaa shati la kanisani akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni hiyo pale boma. Nilikaa nje nikichambua mchele usio na mawe, ili mikono ipate la kufanya. Alirudi na chupa za soda kwa watoto na uso wa mtu aliyemaliza deni.

"Ilisha," akasema. "Nilitia sahihi."

"Uliandika nani wa kupokea?"

"Mwipwa wangu."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema ameandika tarehe. Mwipwa huyo alikuwa mwanaume mzima, fundi baiskeli wa Mununga, mwenye mke na kiti chake kanisani. Sikuwa na ubaya naye. Lakini ule mchele nikaumwaga wote chini, nusu kwa kutojua, nusu kwa makusudi. Nilimwambia maneno ambayo mke wa huku hamwambii mumewe watoto wakiwepo. Nilimwambia kwamba kumbe mke wake ni dada yake, mimi sikujua.

Alingoja nimalize. Alikuwa na tabia hiyo, na ilinikera kuliko kama angepiga kelele. Kisha akakaa kwenye kigoda karibu nami, akaanza kuokota mchele punje kwa punje.

"Sikiliza, mama. Nikikufa, na jina yako iko mule, batu ba kwetu batasema nini? Batasema ulinikula. Muke alinunua kifo ya bwana wake, sasa anapokea feza. Batakupiga pale pale kwa kilio. Niliona kwa macho, muke ya mwenzetu mumoja, balimuvunja mukono. Mi siogopi kufa. Naogopa juu yako."

Nilijua ni kweli. Huku mjane ni mshitakiwa mpaka ukoo wa mume useme vingine, na mjane mwenye fedha ya kifo ni mshitakiwa aliyekutwa na kisu mkononi. Aliniandika nje ili kuniokoa. Ningeweza kumpenda kwa hilo, na nilimpenda, huku nikitaka kumkwaruza uso.

"Basi andika batoto."

"Batoto bako na bajomba bao," akasema. "Bajomba batakuja."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli kutoka moyoni. Miaka yote tuliyoishi pamoja mume wangu aliamini kwamba kaka zangu wapo mahali fulani ng'ambo, wamekasirika kidogo kwa kuwa hakuwapelekea mahari, na kwamba siku ya msiba watapanda mtumbwi waje kudai watoto wao. Nami miaka hiyo yote niliamini kwamba mama yake, aliyekuwa akiwaosha watoto wangu na kuwakaripia kama wake, hawezi kuwaacha. Kila mmoja wetu alidhani watoto wana makao kwa mwenzake.

Nikaamua kumuuliza mama mkwe mwenyewe, bila kumtuma mtu. Nilimkuta mchangani akigeuza chisense kwa ufagio wa majani. Ni mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Zamani alivusha chumvi na samaki hadi ng'ambo, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Nilipiga magoti nikapiga makofi taratibu kama walivyonifundisha, nikamwita ba mayo, yaani mama.

"Simama, mwana wa Kongo," akasema. "Ukipiga magoti hivyo, najua uko unataka kitu. Nasikia unauzisha mutoto wangu na angali muzima."

"Simuuzishi, ba mayo. Nataka kuuliza neno moja. Yeye akikufa, batoto beko ba nani?"

Aliendelea kufagia. "Ni ba kwako. Ba mukowa yako."

"Na hamutabakamata?"

Hapo aliacha ufagio. Alinitazama kwa mshangao, tena nikaona nimemuumiza.

"Mimi siko mwizi," akasema. "Kukamata batoto ba mukowa ya batu, huku kwetu ni wizi. Nitakunyang'anyaje batoto? Ulitutunzia mutoto wetu vizuri. Siwezi kukufanyia vile."

"Na kama mukowa yangu haiko?"

"Mutu hawezi kukosa mukowa. Haukuzaliwa na mama?"

"Mama alikufa."

"Basi dada ya mama."

"Sijui kwenye eko. Sijui kama eko. Na kule kwetu, ba mayo, hata angekuwako, atasema batoto ni ba baba."

Alifikiri, mdomo wake ukisogea kama anayehesabu mishono. Nilikuwa nataka aseme neno moja tu, waache hapa, basi, na kama angelisema ningembusu miguu yenye magamba ya samaki. Mwishowe alitikisa kichwa.

"Kule kwenu beko batu ba namna gani?" akasema, si kwa dharau, kwa huruma. Akanijazia bakuli la chisense, akanipa. Nilishukuru. Nilipofika nyumbani niliwaangalia wale samaki nikawachukia mmoja mmoja.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu yote. Nilimwambia kwamba kaka zangu hawatakuja. Kwamba sijui kama wako hai, na kama wako hai, kwa desturi yetu hawana la kuwafanyia watoto wake. Nilimwambia asinitajie tena wajomba. Alimwita binti yetu mkubwa bila sababu, akamshika kichwa, akamwachia aende.

"Nitabadirisha," akasema. "Nitaandika batoto, na pasta wa kanisa abachungie."

"Kesho."

"Kesho hapana. Lazima niende Mununga kwanza, nimwambie dada yangu."

"Nenda biro ya bima kwanza. Dada utamwambia nyuma."

"Nitoe jina ya mutoto wake bila kumwambia? Nitakuwa mutu gani?"

Nilimsihi. Nilimshika shati. Nilimwambia dada yake hatakufa kwa kukasirika. Lakini kwake hilo lilikuwa sawa na kuiba kwenye nyumba ya mama yake, na nadhani kama ningekuwa mtu wa huku ningeona vivyo hivyo. Mpaka leo siwezi kumlaumu, na kutoweza kumlaumu kunanichosha kuliko lawama yenyewe. Kama angekuwa mpumbavu au mchoyo, ningelala usingizi.

Alienda Mununga. Dada yake hakukataa. Alimpikia kuku, akamwambia ni jambo zito, si la mtu mmoja, wazee wa ukoo wakae walizungumze, lakini sasa barabara zimeharibika na wazee wako mashambani. Mvua ikiisha watakaa. Mume wangu alirudi amefurahi, akasema imekwisha, ni kungoja tu. Nikangoja. Katika maisha yangu nimengoja mambo mengi, mgao wa unga, karatasi za ukimbizi, lakini sijawahi kungoja mvua ikatike kwa roho mbaya kama ile. Kila radi ilipopiga nilitukana.

Walimleta kwa gari la kazini. Udongo ulikuwa umelowa, nguzo ikaanguka watu wakiwa wameishika kamba, wenzake wakaruka, yeye hakuwahi. Waliniambia hakusema neno. Nilisikia mtu anapiga ukelele mrefu, nikadhani ni mama yake, kumbe ni mimi, yeye alikuwa amesimama mbele yangu akijaribu kunifunga kanga iliyonidondoka. Sitaki kueleza zaidi. Nilimpenda mtu yule.

Kwenye msiba nilikaa chini pamoja na wanawake, nikingoja kupigwa. Shangazi mmoja wa mume alianza kunong'ona kwamba mwanamke wa Kongo alikwenda kwa msichana wa bima wakati mumewe ni mzima, watu wote wa soko waliona. Minong'ono ikaanza kupanda. Mama mkwe akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Muacheni," akasema. "Jina yake haiko mule. Muke hakupata kitu."

Wakanyamaza. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyeniuliza. Alichoniogopea mume wangu hakikutokea, kama alivyopanga.

Yule mwipwa alipokea fedha za bima, na hakula hata kipande. Nataka hilo lijulikane. Alinunua jeneza la mbao nzuri, akanunua unga na maharage kwa waombolezaji waliokuja kutoka pande zote za ziwa, akajengea kaburi saruji. Alimfanyia mjomba wake kila kitu ambacho mrithi anatakiwa kumfanyia. Dada wa mume wangu alilia juu ya saruji ile, akasema ndugu yake amezikwa kama mtu mkubwa. Nami nilisimama nikiutazama mlo wa watoto wangu ukikauka juani, laini, umepakwa vizuri kwa mwiko.

Matanga yalipokwisha waliniita ndani. Kwa desturi yao mrithi anaweza kumchukua mjane, au kumwachia huru, na mume wa mtu kanisani hawezi kuchukua mke mwingine. Nilijua atanifungua. Mama mkwe alinifunga ushanga mweupe mkononi, ishara kwamba roho ya mume haimdai tena mjane. Mwipwa alipiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akapiga makofi polepole.

"Mama, uko huru," akasema. "Hatuko na neno na wewe. Kamata batoto bako, rudia kwenu. Hatutakuzuia."

Wote waliokuwa mle ndani wakapiga makofi ya heshima. Wanawake walinikumbatia. Waliponitoa nje nikaona gari limeshapakiwa: godoro langu, viti, sufuria zote, gunia la unga, kuku wamefungwa miguu. Hawakubakisha kijiko. Jirani mmoja aliyekuwa ukutani alisema nina bahati, angalia yule mjane mwenzangu alivyofanyiwa. Alisema kweli. Sijawahi kuona mjane akiondolewa kwa heshima kama mimi, na nilitaka kumshika kila mmoja wao mguu nimwombe awe mwizi, hata kidogo, anyang'anye hata mtoto mmoja.

Niliwapandisha watoto juu ya mizigo. Dereva aliwasha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Tunaenda wapi, mama?"

Mwipwa alinitazama akingoja. Mama mkwe naye alinitazama. Dereva akauliza tena, na binti yangu mkubwa, aliyechoka kuona watu wazima hawajibu, akajibu kwa niaba yangu.

"Kwa nkambo," akasema. Kwa bibi. Akaonyesha kwa kidole nyumba tuliyotoka.

Bibi yake alisogea karibu na gari. Alimfuta mtoto kamasi kwa pindo la kitenge chake, akamfunga kitufe cha sweta.

"Huku si kwenu, mwana," akamwambia taratibu. "Kwenu mama anapajua."

Nikasema Mantapala, kule kwa wakimbizi, kwa kuwa dereva alikuwa anangoja.